Shati linaingia Hamburg bila ushuru, Tunduma halipati msamaha: kazi halisi ya kijana wa mafunzo tarajali

Shati lililoshonwa Mbeya kwa kitambaa kilichofumwa India linaweza kuingia Hamburg bila kulipiwa ushuru wa forodha. Shati hilohilo ukilivusha Tunduma kwenda Zambia, kilomita mia moja na kidogo kutoka hapa mjini, halistahili msamaha wa ushuru wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Vijana wa mafunzo tarajali wanapofika kwangu huwa nawaanzishia hapo, maana wengi huja wakiamini kuuza nguo nje ni kupiga picha nzuri na kusaka wateja Instagram.

Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye kanuni za uasilia wa bidhaa, zile zinazoamua bidhaa ihesabiwe ni ya nchi gani. Tangu Januari 2011, Umoja wa Ulaya unazipokea bila ushuru nguo za nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, hata kama kitambaa kimetoka nje, ilimradi nguo imekatwa na kushonwa hapa. Hiyo ni hatua moja. SADC wanadai hatua mbili: kitambaa chenyewe kifumwe ndani ya nchi wanachama, kisha nguo ishonwe humohumo. Ushuru wa kawaida wa Ulaya kwa nguo nyingi ni asilimia 12, na kwa mnunuzi anayelinganisha bei yako na ya mwingine hiyo ni pesa nyingi. Marekani nao, kupitia AGOA, sheria yao ya biashara na Afrika ya mwaka 2000, waliruhusu nchi kama yetu kutumia kitambaa cha nchi ya tatu, na Mazava cha Morogoro ni kati ya viwanda vilivyouza huko kwa njia hiyo. Ila AGOA ina ukomo, na kila ukomo unapokaribia wanunuzi husita kutoa oda.

Sasa njoo Nyanda za Juu Kusini. Pamba ya nchi hii inalimwa zaidi Kanda ya Ziwa. Majora tunayoshona huku yanafika soko la Mwanjelwa yakiwa yamepita mikono mingi. Ukiuliza kitenge kimetoka wapi, huyu atakwambia China, yule Kongo, mwingine atakuonyesha maandishi ya pembeni yanayosema Holland wakati kitambaa kimetengenezwa Asia. Fundi anashona vizuri mno, mishono imenyooka, pindo limetulia, lakini akiulizwa uthibitisho wa asili ya kitambaa hana hata risiti. Kwa maoni yangu hapo ndipo vikundi vyetu vingi vinapokwama, na hapo ndipo kijana wa chuo anafaa kuliko mahali pengine popote.

Kazi ya kwanza ninayompa ni daftari la majora. Kila jora lina ukurasa wake: tarehe ya kununuliwa, muuzaji, mita, rangi, risiti ya EFD imebandikwa, na kipande cha kitambaa kimebanwa kwa stepla. Linaonekana jambo dogo. Lakini mzigo usiozidi euro 6,000 kwenda Ulaya, muuzaji yeyote anaruhusiwa kuandika mwenyewe tamko la uasilia kwenye ankara, yaani invoisi. Ukizidi hapo lazima awe amesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Ulaya wa kusajili wauzaji wa nje. Anayeandika tamko ndiye anayelibeba. Forodha wakiuliza, kikundi kitajibu kwa lile daftari.

Ya pili ni kukijua kitambaa chenyewe. Kuna binti alikuwa anasomea uhasibu, nikampeleka kwenye kikundi cha akina mama wa ushonaji Uyole. Akamwendea kiongozi wao: "Shikamoo mama, naomba nichome kauzi kidogo ka hiki kitambaa." "Marahaba mwanangu, choma tu, lakini hiyo ni pamba tupu." Akachomoa nyuzi chache, akazishika kwa koleo, akasogeza kiberiti. Pamba huwaka kwa moto unaotembea, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Nyuzi zile zilijikunyata zikiukimbia moto, zikayeyuka, zikaacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta. Mama akakishika kile kidonge, akakigeuzageuza, akasema nguo zote za wiki ile zisiwekwe lebo ya pamba mpaka ijulikane.

Alikuwa sahihi kabisa. Kanuni ya Ulaya namba 1007 ya mwaka 2011 inataka lebo itaje nyuzi zote kwa asilimia, iliyo nyingi ikitangulia. Kiberiti hakitakupa asilimia; hizo zinatoka maabara. Maabara pia ndiyo itakayokwambia kama kitambaa kimetiwa zile rangi za azo zinazoachia kemikali za sumu (amini) ambazo Ulaya imeziwekea kikomo cha miligramu 30 kwa kilo. Ila kiberiti kinakuzuia kulipia vipimo vya kitambaa ambacho tayari umeshajua si chenyewe.

Vipimo vingine havihitaji mashine ya gharama. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, uuweke kwenye mzani mdogo wa sonara, zidisha kwa 100. Ukipata gramu 1.8, kitambaa ni gramu 180 kwa mita ya mraba, na hiyo ndiyo lugha ya mnunuzi. Chora mraba wa sentimita 50, fua, kausha, piga pasi, pima tena. Ukikuta 47.5, kimepungua asilimia 5, na saizi M uliyoahidi haipo tena. Paka kitambaa cheupe maji, kisugue juu ya kitenge, uone kama rangi inahama.

Namba za forodha, zinazogawa bidhaa kwa sura, nazo wajifunze mapema: nguo za kitambaa cha kusuka (knitted) kama fulana ziko sura ya 61, za kitambaa cha kufuma (woven) kama mashati ya kitenge ziko sura ya 62, mapazia na mashuka 63. Vikapu vya milulu vya Iringa si nguo kabisa, viko sura ya 46. Tovuti ya Trade Map ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa, kile cha Geneva kilichoanzishwa 1964, itamwonyesha bure nani ananunua nini duniani, akishaijua namba.

Linaloniumiza ni jinsi vijana wanavyopokelewa. Nimeona ofisi zinamweka kijana apige chapa na kutumwa chai, na vyuo vinavyotuma wanafunzi alimradi fomu irudi na muhuri. Serikali ilitoa mwongozo wa mafunzo tarajali mwaka 2017, na wahitimu wanaweza kupitia TaESA, huduma ya ajira ya serikali. Lakini mwongozo haumpangii kijana kazi ya Jumatatu asubuhi. Hiyo ni juu ya anayempokea. Mpe nauli na chakula cha mchana, kwa sababu kijana anayepanda daladala kutoka Igawilo akiwa na njaa hatapima kola thelathini kwa makini. Mpe kazi moja yenye mwisho: kitambaa kimoja, nguo moja, soko moja, faili moja lililokamilika.

Na faili hilo liandikwe kwa Kiswahili kwanza, libaki kwenye kabati la kikundi. Nakala ya Kiingereza ni ya mnunuzi, na ripoti ya chuo mwanafunzi aiandike kutoka humo. Wewe uliye MUST, Mzumbe ya Mbeya, TIA au Chuo Kikuu cha Iringa na unatafuta nafasi, usiandike kwenye barua kwamba unapenda mitindo. Andika kwamba unaweza kutunza daftari la majora, na ubebe utepe wako wa kupimia siku ya kwanza.