“Msimkumbushe, atasahau”: dhana potofu kuhusu tiba ya kiwewe

Haipiti wiki bila ndugu wa mgonjwa kunivuta pembeni na kuninong'oneza: “Daktari, tafadhali usimuulize habari za ile ajali. Sisi nyumbani hata hatuitaji.” Mgonjwa kaletwa kwa sababu ya ajali hiyohiyo! Huwa nashukuru, kisha namwomba ndugu akatusubiri kwenye benchi.

Dhana: Kulizungumzia tukio ni kutonesha kidonda, dawa ni kusahau

Hii ndiyo inayonimaliza, kwa hiyo nivumilieni.

Kumbukumbu ya kiwewe, yaani jeraha la moyoni linalobaki baada ya tukio la kutisha, haifi kwa kunyamaziwa. Inakuja yenyewe, usingizini, kwenye mlio wa breki, kwenye harufu ya mpira ulioungua. Na kinachoilea ni kukwepa. Chukulia dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori pale makutano ya Tazara, Dar es Salaam. Mwanzoni anaikwepa Tazara tu, anazungukia Vingunguti na Buguruni. Baadaye Barabara ya Nyerere yote haikanyagi. Halafu lori lolote likipita anasimama pembeni jasho linamtoka. Mwisho anauza pikipiki na kukaa ndani, na nyumbani wanasema afadhali ametulia. Hajatulia. Kila alipokwepa, hofu ilishuka, na ubongo ukajifunza kwamba kilichomwokoa ni kukwepa. Haukupata nafasi hata moja ya kugundua kwamba lori lile limeshapita. Kukwepa ni kama mkopo wa kausha damu: leo unakutoa, kesho unadaiwa zaidi.

Tiba inageuza mwendo huo. Katika njia iliyoendelezwa na mwanasaikolojia Edna Foa nchini Marekani, mteja anafumba macho na kusimulia tukio kana kwamba linatokea sasa hivi: “Lori linakuja, nasikia honi, mkono wangu uko kwenye breki.” Anasimulia mwanzo hadi mwisho, kisha anarudia, palepale. Tunamrekodi kwenye simu yake, na nyumbani anajisikiliza. Kila baada ya dakika chache namuuliza hofu iko ngapi kati ya 0 na 100. Vipindi vya mwanzo vinauma na usiku wake unaweza kuwa mbaya; simfichi mtu hilo. Lakini kwa wengi namba inashuka. Siku mteja akiniambia “daktari, hii stori sasa inanichosha,” nafurahi kuliko ndugu zake wote.

Nje ya chumba kuna kazi nyingine. Naagiza orodha ya vyote anavyovikwepa, kuanzia chepesi hadi kizito, na naitaka kwenye daftari. Kwenye simu inapotea katikati ya mameseji, na mtu hushindwa kuniangalia usoni akiniambia “nimefuta bahati mbaya.” Dereva wetu ataanza kwa kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa kijiweni, kisha mitaa ya nyumbani, kisha Barabara ya Nyerere Jumapili asubuhi, na mwisho Tazara jioni, chini ya Daraja la Mfugale. Kila hatua anabaki pale hadi hofu ipungue. Akiondoka ikiwa juu, amekwepa tena.

Sasa msinielewe vibaya. Kumng'ang'aniza mtu asimulie siku ileile si tiba. Waliotolewa kwenye kifusi cha jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 walihitaji maji, matibabu na ndugu zao kwanza, wala si maswali. Wengi hupona wenyewe wiki za mwanzo. Dalili zikivuka mwezi na bado zinamkwamisha mtu, hapo ndipo tunazungumza kuhusu tiba.

Dhana: Miaka imeshapita, sasa haisaidii

Inasaidia. Mabomu ya Mbagala yalilipuka Aprili 2009, ya Gongo la Mboto Februari 2011, na mtu anayeruka kitandani kwa fataki za mwaka mpya hadi leo anaweza kutibiwa kwa njia hizohizo. Hakuna tarehe ya mwisho.

Dhana: Vidonge vya usingizi vinatosha

Diazepamu ya kununua duka la dawa la mtaani ni kukwepa kwa njia ya kidonge. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inasema dawa za kundi hilo zisitolewe kutibu dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Tena zinazoeleka haraka. Dawa za sonona ni habari nyingine; hizo zina nafasi yake, na ataziandika daktari wa magonjwa ya akili, si jirani yako.

Dhana: Ukienda kwa mwanasaikolojia umepungukiwa imani

Sali, funga, nenda kwa shehe au mchungaji wako. Sijawahi kumzuia mtu. Ninachokataa ni kiongozi wa dini kumwambia mteja wangu aache vipindi katikati.

Dhana: Ni tiba ya miaka mingi, ya matajiri wa Masaki

Tiba nyingi za kiwewe zina mpango mfupi. Mojawapo inayotumika sana ina vipindi 12. Wala si lazima mtoa huduma awe na shahada tatu. Moshi, na pia kule Kenya, watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa vizuri waliwahudumia kwa vikundi watoto waliofiwa na wazazi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliohusisha watoto 640, na dalili zilipungua.

Dhana: Mtoto mdogo haelewi, atasahau

Mtoto wa miaka sita aliyeanza upya kukojoa kitandani, anayecheza mchezo uleule wa gari kugonga kutwa nzima, anakusimulia kila siku. Mlete. Na wewe mlezi uje, uingie ndani, kwa sababu sehemu ya vipindi ni yako. Mtoto aliyeletwa na dada wa kazi na ujumbe wa “mama yuko bize” namrudisha, tunapanga siku nyingine.