Petroli, maji na silinda ya kioo: yanayosemwa kuhusu kupima ethanoli nyumbani

Ukiishi Marekani na una mashine ya kukata nyasi, boti ndogo au gari la zamani lenye kabureta, hukosi kupewa ushauri huu: chukua petroli kidogo, tia maji, changanya, uone ethanoli, yaani alkoholi inayochanganywa kwenye mafuta, ilivyo nyingi. Ushauri ni sahihi. Karibu petroli yote ya magari nchini humo ina ethanoli ya hadi asilimia 10, yaani E10, na ethanoli ikikutana na maji huyahamia na kuiacha petroli. Shida iko kwenye tafsiri. Kipimo hiki hujibu swali moja tu: ni alkoholi kiasi gani imehamia kwenye maji. Watu hukiuliza mengine kumi, halafu hujijibu wenyewe.

"Maji yameongezeka, kwa hiyo sheli wametia maji"

Huu ndio uzushi unaozaa ugomvi mwingi. Mtu ametia mililita 50 za maji na 50 za petroli, akachanganya, akasubiri, na sasa tabaka la chini linasoma karibu 55. Anaona maji yamezidi, anaamini yametoka kwenye petroli. Hizo mililita za ziada ni ethanoli iliyovuka mpaka. Petroli isiyo na ethanoli hata tone ingeuacha mstari wa mpaka kati ya matabaka palepale kwenye 50.

Ukitaka kujua kama petroli ina maji, angalia kabla hujaongeza maji yako. Iweke kwenye kioo kisicho na rangi, iache itulie, uimulike kwa nyuma. Ikiwa na ukungu, au ikiwa imeshajigawa matabaka mawili, hapo una hoja. Lakini hata ikiwa angavu usiseme haina maji kabisa, kwa sababu E10 inaweza kuyeyusha karibu mililita 5 za maji kwa lita moja kwenye joto la nyuzi 15 hivi bila kuonyesha dalili. Baridi ikizidi, uwezo huo hupungua, na petroli iliyokuwa angavu jioni inaweza kuamka imetengana.

Kutengana huko kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Maji yanapozama chini ya tangi hayaendi peke yake. Huondoka na sehemu kubwa ya ethanoli. Ndiyo maana mtu huchota petroli ya juu kwenye dumu la msimu uliopita, anaipima, anakuta ethanoli karibu hakuna, kisha anatangaza kwamba "imeruka". Haijaruka. Imelala chini ya dumu pamoja na maji. Vinavyotangulia kuruka petroli ikikaa wazi ni vile viambato vyepesi vya petroli yenyewe, vinavyosaidia injini kuwaka ikiwa baridi. Dumu la namna hiyo chota sampuli ya chini, au usijisumbue kupima.

"Mstari umepanda kwa 5, basi ethanoli ni asilimia 5"

Hapa inabidi tukae kidogo, maana hesabu ndiyo roho ya kipimo chenyewe, na waliokifanyia kazi kuliko wote ni Wabrazili. Brazil imechanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli kwa miongo mingi. Kuanzia Machi 2015 petroli yao ya kawaida ilikuwa na asilimia 27, na tangu Agosti 2025 imepandishwa hadi 30. Nchi yenye kiwango kikubwa hivyo haiwezi kuacha kipimo kiwe cha kukisia. Kituo cha mafuta huko kinawajibika kumfanyia mteja kipimo hicho mbele ya macho yake akikiomba, na utaratibu wake umeandikwa.

Wanachukua silinda ya kioo ya mililita 100. Wanatia petroli hadi 50, kisha wanajaza hadi 100 kwa maji ya chumvi yenye gramu 100 za chumvi kwa kila lita ya mchanganyiko. Chumvi huufanya mpaka wa matabaka uwe mkali. Silinda inafunikwa, inapinduliwa taratibu mara 10 bila kutikiswa kwa nguvu, kisha inaachwa itulie kama dakika 10 hadi 15. Halafu wanaangalia tabaka la chini limeongezeka kwa mililita ngapi, wanazidisha kwa mbili, wanaongeza moja. Limefika 63? Ongezeko ni 13. Mara mbili ni 26. Jumlisha 1, unapata asilimia 27.

Kuzidisha kwa mbili kunaeleweka bila maelezo: petroli ilikuwa mililita 50, si 100. Ile moja ya mwisho ndiyo wengi huiruka. Ethanoli na maji vikichanganyika hupungua ujazo. Changanya mililita 50 za maji na 50 za ethanoli na hutapata 100. Utapata kama 96 na kitu. Isitoshe, ethanoli kidogo hubaki kwenye petroli. Kwa hiyo mstari kila mara husoma pungufu kidogo, na ile moja ni fidia.

Usiipeleke kanuni hii isikokuwa na kazi, hata hivyo. Petroli isiyo na ethanoli haitaongeza tabaka la maji, na kanuni itakuambia ina asilimia 1. Mstari usiposogea, jibu ni sifuri, acha hesabu. Upande wa juu nako kuna mtego. E85 ya Marekani, ambayo kisheria inaweza kuwa na ethanoli kati ya asilimia 51 na 83 kulingana na msimu na eneo, huhamisha alkoholi nyingi mno kiasi kwamba upungufu wa ujazo unaonekana kwa macho: jumla ya 100 uliyotia inashuka. Wanaofanya E85 kwa vile vibomba vyembamba vinavyotaka maji kidogo na petroli nyingi hujidanganya zaidi, kwa kuwa maji kidogo yakizidiwa na alkoholi huanza kubeba na petroli yenyewe.

Kisha kuna usomaji. Kwenye silinda ya 50 kwa 50, tofauti kati ya E10 na E15 (yenye ethanoli hadi asilimia 15) ni mililita mbili na nusu tu. Ukikosea mililita moja kwa sababu umesoma ukiwa umesimama badala ya kuinama jicho liwe sawa na mstari, umekosea asilimia mbili nzima. Mtu anayekuambia petroli ya mtaani kwake ni "asilimia 11.7" amepima imani yake. Tone la rangi ya chakula kwenye maji husaidia kuuona mpaka, kwa sababu rangi hiyo hubaki upande wa maji.

"Chombo chochote kinafaa"

Kikombe cha stairofomu kitayeyuka mbele yako. Chupa pana ya jemu haitayeyuka, lakini mililita tano ndani yake ni unene wa karatasi chache, huwezi kuzisoma. Kinachotakiwa ni silinda nyembamba ya kioo yenye mistari, ya bei ndogo madukani pa vifaa vya maabara. Na fanyia nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Gereji yenye hita ya maji inayowaka gesi pembeni si mahali pa majaribio.

"Nimekuta asilimia 10, nimepigwa"

Marekani hiyo ndiyo petroli ya kawaida. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2005, iliyopanuliwa 2007, inalazimisha sekta ya mafuta kutumia nishati itokanayo na mimea, na mahindi ya majimbo ya kati ndiyo yameibeba. Neno la kusoma kwenye kibandiko ni "hadi": hadi asilimia 10. Ukikuta 8 au hata 0 hukudhulumiwa. Majimbo mengine hayadai kibandiko cha E10 kabisa, kwa hiyo kutokuwepo kwa kibandiko si ushahidi kwamba ethanoli haimo.

Palipo na haki ya kulalamika ni kwenye E15. Mamlaka ya mazingira ya shirikisho imeiruhusu kwa magari ya mwaka 2001 na kuendelea, na imeikataza kwa pikipiki, boti na injini ndogo kama za misumeno na mashine za nyasi. Pampu yake lazima iwe na kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukinunua petroli kwa ajili ya msumeno kwenye pampu isiyo na kibandiko hicho, na silinda ikasoma karibu 57 badala ya 54 na nusu, rudia kipimo. Ikisoma vilevile, wapigie wakaguzi wa mizani na vipimo wa jimbo lako.

Ila kabla hujapiga simu, jiulize sampuli ulichukuaje. Pampu nyingi hutoa daraja zote kwa mpira mmoja, na ndani ya mpira hubaki mafuta ya mteja aliyekutangulia. Ukijaza kichupa tu, unaweza kuwa umepima chaguo la mwenzako. Jaza gari kwanza, sampuli iwe ya mwisho.

Wapo ambao kwao asilimia 10 ni nyingi kweli. Marubani wa ndege ndogo zilizoidhinishwa kutumia petroli ya magari kwa kawaida hawaruhusiwi ethanoli hata kidogo, na kwao kipimo ni rahisi kuliko kwa mtu yeyote: mstari umesogea au haujasogea. Hesabu hawaihitaji. Minnesota, jimbo lililotangulia kulazimisha ethanoli kwenye petroli yake, limeacha mlango kwa petroli isiyo nayo kwa ajili ya magari ya kumbukumbu, boti na injini ndogo. Mwenye msumeno huko atafute pampu hiyo.

"Ethanoli ndiyo inayokula mafuta ya gari langu"

Ethanoli ina nishati pungufu kwa theluthi moja hivi ikilinganishwa na petroli, lita kwa lita. Asilimia 10 ya ethanoli basi inakuondolea karibu asilimia 3 ya mwendo. Gari lililoongeza ulaji kwa robo lina ugonjwa mwingine.

"Silinda ikitoka safi, mafuta ni mazuri"

Hili nawaambia hasa walio Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaoona video za Wamarekani na kukimbilia chupa. Kwetu uchakachuaji unaojulikana ni wa mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayaendi kwenye maji. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa itakupa mstari uleule wa 50, safi kabisa, na injini itagonga. Ndiyo maana serikali zimetumia njia nyingine. Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta ili wakaguzi wayatambue yaliyochanganywa, na Kenya mwaka 2018 ilipandisha bei ya mafuta ya taa kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili uchanganyaji usilipe. Wala ethanoli yenyewe si ugeni upande huu: Kenya iliwahi kuuza petroli yenye spiriti ya molasi ya Muhoroni miaka ya 1980, na Malawi imekuwa ikichanganya tangu 1982.

Silinda haitofautishi alkoholi pia. Methanoli huhamia kwenye maji kama ethanoli, na yenyewe ni kali zaidi kwa vyuma na mipira ya mfumo wa mafuta. Kifaa cha elektroniki hakikuokoi hapo. Vile vitambuzi wanavyofunga wapenda mbio kwenye bomba la mafuta hupima tabia ya umeme ya kimiminika, na hutoa mawimbi ya hezi 50 kwa petroli tupu hadi 150 kwa ethanoli tupu. Ukivipa methanoli au maji, vitakutajia asilimia ya ethanoli bila aibu.

"Osha petroli kwa maji, ethanoli itoke, utumie inayobaki"

Wazo hili linavutia: kama maji huivuta ethanoli, kwa nini nisioshe galoni tano nikapata petroli safi ya boti? Kwa sababu ethanoli ilikuwa na kazi. Viwanda vya Marekani huzalisha petroli ya msingi yenye oktani (kipimo cha uwezo wa petroli kuzuia injini kugonga) ya 84 hivi, wakijua ethanoli itakayoongezwa kwenye bohari ndiyo itakayoifikisha 87. Ukiitoa ethanoli unarudi kwenye 84, tena ikiwa imeshiba maji kadiri inavyoweza kushika. Injini iliyotengenezwa kwa 87 inaweza kugonga, hasa ikiwa na mzigo.

Na utabaki na ndoo ya maji yenye alkoholi na benzini (kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli), ambayo haina pa kwenda nyumbani kwako. Sinki hapana, mtaro hapana, na chini ya mti hapana kabisa, maana benzini hufuata maji ya ardhini. Hata zile mililita mia za silinda moja zihifadhi kwenye chombo cha mafuta chenye kifuniko, uzipeleke siku kaunti yako inapokusanya taka hatari za majumbani.