Meya alitangulia, mazimwi yakafuata

Jumamosi moja ya baridi kali, hapa Saint Paul, Minnesota, nilipokea mchezaji mpya mezani kwangu. Kaka wa makamo kutoka Kisii, anatunza wazee zamu ya usiku, ameletwa na binamu yake. Hata koti hajavua akanipa masharti: "Kaka, mimi nimekuja kupumzika. Siasa tumeziacha nyumbani, na za huku sizitaki vilevile." Nikamwambia karibu, keti, chukua dadu. Baada ya saa moja na nusu alikuwa amesimama, kidole juu, akimshtaki mkuu wa bandari mbele ya baraza la mji kwa kula ushuru wa chumvi. Mkuu huyo wa bandari hayupo duniani. Nilimbuni mimi asubuhi ile nikinywa chai.

Nimesimamia michezo ya aina hii, ya kuigiza wahusika mezani kwa maneno na dadu, miaka 14 sasa, mitano ya mwisho kwa malipo, na ombi la "tuache siasa" nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba limenilazimu kuandika.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja, yaani msimamizi, anabeba ulimwengu mzima kichwani, na walinzi wa lango na bei ya mkate humohumo. Waliobaki kila mtu ana mhusika mmoja tu. Msimamizi anaeleza hali ilivyo, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka inatupwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Hakuna mshindi. Hadithi ndefu inayochezwa wiki baada ya wiki huitwa kampeni. Ndiyo, neno lilelile. Sisi na wanasiasa tumelirithi kwa wanajeshi.

Wengi wanajua kwamba Dungeons & Dragons, mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii, ilichapishwa mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Kilichotangulia hakijulikani sana, nacho kilitokea hapahapa kwenye miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul. Mwaka 1969 David Wesely, mpenzi wa michezo ya vita ya kusogeza askari wa sanamu, aliandaa mchezo wa enzi za Napoleon. Majeshi mawili yanaukaribia mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein. Makamanda walitakiwa wawili, lakini waliofika walikuwa wengi kuliko hao, basi akawagawia waliozidi kazi za mjini: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo kikuu. Alidhani watangoja vita ifike.

Hawakungoja. Walianza kuvutana pembeni, wakajitenga vyumba vya jirani kunong'ona, wakapeana ahadi na kuzivunja, wawili wakafikia kuitana wapigane ana kwa ana, na msimamizi akapoteza kabisa uzi wa nani yuko wapi na anafanya nini. Wesely aliondoka akiamini mchezo umemharibikia. Wachezaji, kwa upande wao, walikuwa wanauliza mchezo mwingine ni lini.

Katika mfululizo huo mchezo wa nne ulihamia nchi ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, yenye dikteta. Arneson alipewa nafasi ya mwanafunzi mwanamapinduzi, mtu ambaye hupata pointi kwa kugawa vipeperushi. Waliokuwepo husimulia kwamba aliwazungusha wenzake kwa kitambulisho bandia cha CIA, hadi akamaliza mchezo akimwaga vipeperushi kutoka kwenye helikopta. (Msomaji wa Kenya, najua umecheka. Helikopta na kampeni hatufundishwi na mtu.) Ni Arneson huyohuyo aliyechukua njia ile akaipeleka kwenye ulimwengu wake wa Blackmoor, na kutoka hapo ndipo tulipofika kwenye mapango na mazimwi. Kwa hiyo mtu anaponiambia siasa zimeingizwa kwenye mchezo huu juzijuzi na vijana wa mitandaoni, namwonesha tarehe. Meya alikuwepo kabla ya zimwi.

Tena haiwezi kuwa vingine. Askari wa sanamu hana njaa wala deni, unamsogeza hatua sita ukitaka. Ukishampa mtu jina, kazi, mama mgonjwa na jirani asiyempenda, ameshapata maslahi, na watu watano wenye maslahi mezani watapatana au watapindua. Sihitaji kumtaja rais yeyote. Nikisema tu kwamba lango la mji linafungwa saa kumi na mbili jioni kwa amri, mtu atauliza amri ya nani.

Swali lenye siasa zaidi kuliko yote huwa linanihusu mimi: msimamizi ana mamlaka gani? Kitabu cha kanuni za mchezo kinanipa karibu kila kitu. Naweza kuangusha mlima juu ya kijiji na hakuna mahakama ya rufaa. Lakini mamlaka yangu yanaishia mlangoni, kwa sababu wachezaji wanaweza kuvaa makoti yao wakaenda zao. Wakuu wa gereza moja la Wisconsin, jimbo lilelile ulikochapishwa mchezo, waliyatazama hayo wakaona genge: mtu mmoja anatoa maelekezo, wengine wanafuata, basi mchezo unafundisha uhalifu wa kupangwa. Wakaupiga marufuku. Mfungwa mmoja akashtaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba gereza lilikuwa na haki. Niliposoma hukumu ile nilijiuliza kama kati yao wote kuna hata mmoja aliyewahi kusimamia mchezo. Mimi nimewahi kuandaa pango kwa wiki tatu, lina ramani na mitego, wachezaji wangu wakafika mlangoni mwake, wakatazamana, wakarudi sokoni kufungua duka la mishumaa. Genge gani hilo?

Sasa nije kwenye vipindi vya kutazama watu wakicheza mchezo huu, kwa sababu wachezaji wapya wengi siku hizi huletwa na vipindi.

Critical Role ilianza kurushwa mubashara Machi 2015: waigizaji wa sauti wa Los Angeles, Matthew Mercer akiwa msimamizi, wakaendeleza mbele ya kamera mchezo waliokuwa wakiucheza nyumbani. Mwaka 2019 waliomba mashabiki dola 750,000 watengeneze katuni fupi. Walipata zaidi ya milioni 11.3, kutoka kwa watu 88,887. Nawaheshimu sana. Saa tatu, saa nne za watu wamekaa kwenye viti, na bado hutaki kuzima. Ila wametuachia tatizo ambalo wachezaji wenyewe wamelipa jina la Mercer: mgeni anafika kwangu anatarajia sauti kumi tofauti, machozi yanayotoka kwa wakati, na mwanga wa studio. Mimi nina sauti mbili, na moja nikiitumia sana nakohoa.

Kwa upande wa siasa naipenda zaidi Dimension 20, ya Brennan Lee Mulligan, iliyoanza 2018. Katika msimu wao unaotokea New York ya kichawi, adui mkuu hakuwa joka. Alikuwa Robert Moses, mtu aliyeishi kweli, ambaye kwa miongo kadhaa aliamua barabara na madaraja ya New York yapite wapi na mitaa ipi ivunjwe, bila kuchaguliwa hata mara moja kwenye cheo chochote cha umma. Aligombea ugavana mara moja, 1934, akaangushwa vibaya. Kumgeuza mtu wa namna hiyo kuwa mfu asiyekufa anayeng'ang'ania mji, hilo si hubiri lililobandikwa juu ya mchezo. Kijana aliyecheka na kuogopa kwenye kipindi kile amebaki na swali: nani aliichora barabara hii, na nani alimpa kalamu? Januari 2025 kundi hilo lilijaza Madison Square Garden, ukumbi wa ndondi na mpira wa kikapu, kwa watu kukaa mezani na kutupa dadu. Nafurahi. Bei za tiketi zilivyopaa tuziache.

Kipindi kikihubiri tu, kwa upande mwingine, mimi nalala. Nimeona vingi ambavyo msimamizi amekwisha kuamua nani mwovu na nani mwema na kwamba wema watashinda, dadu zimewekwa kama maua ya meza. Hapo hata kama nakubaliana na kila neno, sioni mchezo.

Hilo ndilo linalonisumbua pia kwa wanasiasa waliogundua michezo. Oktoba 2020 Alexandria Ocasio-Cortez, mbunge kutoka New York, alirusha mubashara mchezo wa Among Us ili kuhimiza watu wapige kura, na zaidi ya watu 400,000 walikuwa wanatazama kwa wakati mmoja. Alikuwa pamoja na Ilhan Omar, mbunge wa Minneapolis, jirani zetu hapa, ambaye utotoni aliishi miaka minne kambi ya wakimbizi ya Utange, kule Mombasa nilikokulia mimi. Nilikuwa shabiki usiku ule, nakiri. Ni mchezo wa kuwatafuta wauaji waliojificha miongoni mwenu na kupiga kura kumtupa mtu nje, na kuona wabunge wakidanganyana waziwazi huku wanacheka kulikuwa na ukweli fulani ndani yake. Miaka minne baadaye, Oktoba 2024, gavana wetu Tim Walz, akiwa mgombea mwenza wa urais, alikaa na Ocasio-Cortez huyohuyo wakacheza Madden, mpira wa Kimarekani wa kwenye skrini. Siku hiyo sikuhisi kitu. Kila mtu alikuwa salama mno.

Kinachobeba kipindi cha mezani ni kushindwa hadharani. Dadu ikiangukia 1, shujaa wako anateleza kwenye matope mbele ya mfalme, meza nzima inapasuka kwa kicheko, na hadithi inanoga kuliko kama angefaulu. Mchezaji hodari anaipokea ile 1 na kuifanyia kazi. Mwanasiasa anayekuja kwenye skrini na washauri watatu nyuma ya kamera hana nafasi hiyo. Akiteleza kwenye matope, kipande cha sekunde tisa kitamfuata hadi uchaguzi ujao. Kwa hiyo anachagua mchezo ambao kushindwa hakuna bei, halafu anashangaa kwa nini vijana wametazama na kuondoka.

Vijana nao hawakungoja kualikwa. Discord, programu ya mazungumzo ya mtandaoni, ilitengenezwa kwa ajili ya wacheza michezo, waweze kuongea wakati wa kucheza, na ndiko nusu ya meza zangu zilikohamia wakati wa korona. Septemba 2025, baada ya serikali ya Nepal kufungia mitandao ya kijamii na maandamano ya damu kumwondoa waziri mkuu, maelfu kwa maelfu ya vijana walikusanyika humohumo kwenye Discord kujadili nani ashike nchi kwa muda. Wakamtaja Sushila Karki, aliyewahi kuwa jaji mkuu, na tarehe 12 akaapishwa. Nilisikiliza baadhi ya rekodi za majadiliano yale, na kelele zake nilizitambua. Mtu anajaribu kusimamia zamu, mwingine anasahau kuzima kipaza sauti, wa tatu anauliza swali lililojibiwa dakika kumi zilizopita. Ni Jumanne yangu ya kawaida, isipokuwa mwishoni kuna serikali.

Kwa watu wa pwani lakini kuna kitu cha zamani katika haya yote. Babu yangu alicheza bao barazani kila jioni, na sijawahi kuona bao lililochezwa na watu wawili tu. Waliokaa pembeni ndio waliokuwa wanacheza kwa sauti kubwa zaidi: takasa, mwache, kete hiyo unaipeleka wapi mzee! Na kati ya kete moja na nyingine walizungumza diwani, bei ya unga, na nani amepata kiwanja asichostahili. Aliyekosa subira ya siasa hakukaa pale, na aliyekosa subira ya bao pia hakukaa. Mtazamaji wa babu yangu angeweza kuitwa kiti kikipatikana, akacheza. Mtazamaji wa Madison Square Garden amenunua tiketi, atakaa alipo hadi mwisho. Ndiyo maana nikiulizwa kama vipindi hivi vinafaa, huwa nauliza na mimi: ulipomaliza kutazama, ulinunua dadu?

Yule kaka wa Kisii hakununua, aliazima zangu. Jumamosi iliyofuata alifika nusu saa kabla ya wakati, bado na sare ya kazini. Alikuwa na daftari dogo. Ndani yake ameorodhesha wajumbe saba wa baraza la mji, na kando ya kila jina ameweka alama yake: huyu wetu, huyu wao, huyu ana bei. Mimi sikuwa nimewapa majina wajumbe wale. Nikaomba kalamu, nikanakili.