"Lakini sebule yangu ina mwanga": dhana potofu za mimea ya ndani Lubumbashi

Sentensi hiyo, "lakini sebule yangu ina mwanga", huja pamoja na potosi (ule mmea wa ndani unaotambaa) ya hali ileile kila mara: shina limerefuka, majani yamekuwa madogo, nafasi kati ya kifundo na kifundo imeachana sana, na udongo unanuka. Mwenyewe ameshatia mbolea, ameshapulizia dawa, ameshabadilisha chungu. Mahali mmea unapokaa tu ndipo hajapagusa, kwa sababu "nyumba ina mwanga, mchana tunasoma bila taa".

Kusoma bila taa si kipimo. Jicho hujirekebisha: gizani mboni hupanuka, juani husinyaa, na wewe huoni tofauti kubwa. Nje, saa sita mchana wakati hakuna mawingu, mwanga unafika luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) 100,000 hivi. Sebuleni, mita tatu kutoka dirishani na rido (pazia) imeshushwa, mara nyingi haufiki 200. Kwa luksi 200 utasoma gazeti bila shida, lakini mmea utakuwa unakula akiba yake mpaka iishe. Sansevieria, ile yenye majani marefu magumu yanayosimama, inaweza kumaliza mwaka mzima katika hali hiyo kabla haijaanguka, na hapo ndipo ulipotoka uvumi kwamba "hii haihitaji mwanga". Inahitaji. Ni vile tu inachelewa kufa.

Basi pima. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, na programu za bure za kusoma luksi ziko nyingi. Weka simu palepale majani yalipo, kioo kikielekea dirishani na si plafoni (dari), kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Rudia siku ya mawingu. Simu si chombo cha maabara, lakini tofauti ya 150 na 3,000 haiwezi kukosa kuiona. Chini ya 500 usitegemee mmea ukue, utavumilia tu. Kati ya 1,000 na 2,500 potosi, sansevieria na zamiokulkasi zinaenda vizuri. Fikasi na mimea yenye majani ya rangi mbili ipe 5,000 hadi 10,000, la sivyo ile rangi ya pili itapotea na majani mapya yatatoka kijani kitupu. Basiliki, pilipili na kakti zinataka 20,000 na zaidi kwa saa kadhaa kila siku, maana yake jua lenyewe. Ukizitaka sebuleni kwa sababu zinapendeza juu ya meza, nunua za plastiki.

Kabla ya kulaumu dirisha, angalia kinacholifunika. Rido nzito, wavu wa mbu na vyuma vya antivoli (vya kuzuia wezi) kila kimoja kinakula sehemu yake, na wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hivi, vumbi jekundu linaganda kwenye vioo na kwenye majani yenyewe. Futa kioo kila wiki. Majani yafute kwa kitambaa chenye maji matupu, juu na chini. Msipake mafuta ya kula wala maziwa ili yang'ae: yanashika vumbi zaidi.

Halafu hili la "dirisha la kusini". Vitabu na vibandiko vya mimea kutoka Ufaransa na Ubelgiji vinasema mmea unaopenda jua uwekwe kusini, na watu wanafuata. Huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta. Kwetu, kuanzia katikati ya Februari mpaka karibu mwisho wa Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na mwezi wa sita linashuka mpaka nyuzi 55 hivi juu ya upeo, kiasi cha kuingia ndani kabisa kupitia dirisha la kaskazini. Miezi inayobaki linahamia kusini, ila liko juu mno, na mabati ya baraza yanalizuia. Kwa hiyo dirisha la kusini ndilo baridi na lenye mwanga hafifu karibu mwaka mzima. La mashariki linatoa jua la asubuhi, ambalo ni laini na linafaa mimea mingi. La magharibi mwezi wa kumi, kabla ya mvua, linaweza kuunguza.

Ukishagundua mmea uko gizani, usiutoe siku hiyohiyo ukauweka juani. Majani yaliyoota kivulini yataungua, yatapata mabaka meupe au ya kahawia, na hayo hayaponi. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, uongeze polepole kwa wiki mbili. Geuza chungu robo mzunguko kila wiki ili usiinamie upande mmoja.

Nimekaa sana kwenye suala la mwanga kwa sababu nusu ya malalamiko ya "vidudu" yanaanzia hapo. Mmea usio na mwanga haunywi. Wewe unaendelea kumwagilia kila Jumamosi, udongo haukauki, mizizi inaoza, na wale vinzi vidogo vyeusi wanaoruka ukigusa chungu wanapata pa kutagia. Vinzi wenyewe hawali majani. Watoto wao wako ndani ya sentimita mbili au tatu za juu za udongo wenye unyevu, wanakula uozo na vijizizi. Kupulizia dawa hewani ni kupoteza pesa. Acha sentimita tatu za juu zikauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Weka kikaratasi cha njano kilichopakwa vazelini pembeni ya chungu, wakubwa watanasa. Unataka uhakika? Laza kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo siku mbili, ukigeuze: ukiona viwavi vyembamba vyeupe vyenye kichwa cheusi, ndio hao. Kisha sogeza chungu penye mwanga, bila hivyo watarudi. Na acheni kumwaga majani ya chai na machicha ya kahawa juu ya chungu cha ndani mkisema ni mbolea. Mnawapikia.

"Nimewasha taa, inatosha"

Ampuli (balbu) ya LED ya wati 9 inatoa lumeni 800 hivi, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa. Ikiwa plafoni, mita mbili juu ya mmea, majani yanapata luksi 30 hadi 70. Ampuli hiyohiyo ukiishusha sentimita 30 juu ya majani inatoa kati ya 1,400 na 2,800, kwa kuwa ukipunguza umbali kwa nusu mwanga unakuwa mara nne. Hiyo ndiyo siri yote, na haihitaji taa ya zambarau inayouzwa ghali. LED nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga, kimeandikwa kwenye boksi) 4,000 hadi 6,500 inafanya kazi. Washa saa 12 hadi 14 kwa siku. Umeme ukikatika, fidia jioni, lakini usiache iwake usiku kucha kila siku. Kama unatumia taima, ile ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika na kuchelewa, kwa hiyo baada ya wiki utakuta inawasha taa usiku wa manane. Chukua yenye betri ndani.

"Majani yana vidoa vya njano, yanataka maji"

Geuza jani kwanza. Kiangazi chetu ni kikavu, na utitiri mwekundu unapenda hewa kavu kuliko kitu chochote. Una urefu wa nusu milimita, kwa hiyo shika karatasi nyeupe chini ya jani na uligonge. Vinukta vikianza kutembea, umeupata. Utando mwembamba kwenye pembe za majani ni dalili kwamba umechelewa. Una miguu minane, si mdudu, ndiyo maana dawa nyingi za mende na mbu haziugusi. Nyingine zinaua maadui wake tu, na wiki mbili baadaye unazidi. Peleka mmea bafuni au uani, funga udongo kwa mfuko wa plastiki, osha chini ya majani kwa maji yenye nguvu kiasi. Kisha pulizia maji ya sabuni jioni. Rudia kila siku tano hadi saba, mara nne, kwa sababu sabuni haiui mayai. Wengi huacha baada ya mara ya kwanza, halafu wanasema sabuni haifai kitu.

Sabuni gani? Si ya unga ya kufulia. Ile ina chumvi kali na wakati mwingine vitu vya kung'arisha nguo, inaondoa nta ya jani na kuliunguza. Tumia sabuni laini ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Jaribu jani moja, ngoja siku moja. Inaua kabla haijakauka tu na ikimgusa mdudu mwenyewe, basi lowesha chini ya majani mpaka yadondoshe, na baada ya saa moja suuza.

"Maji ya tumbaku ni ya asili, hayadhuru"

Nikotini ni sumu inayopita kwenye ngozi. Maji hayo unayapulizia kuua wadudu sebuleni, watoto wapo. Aidha tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili. Dawa za mashambani zenye dichlorvos nazo hazina kazi ndani ya nyumba, hata muuzaji akikuapia.

"Sisimizi wanakula ua langu"

Hawali. Wanachunga. Fuata msafara wao mpaka kwenye kwapa za majani, utakuta vidung'ata, vile vidudu vyeupe vyenye unga kama pamba, vinavyotoa majimaji matamu. Ni ndugu wa yule mdudu mweupe aliyeharibu mihogo ya Kongo tangu mwanzo wa miaka ya 1970, mpaka akaletwa nyigu mdogo wa Amerika ya Kusini anayetaga mayai ndani yake. Sebuleni nyigu hayupo, kazi ni yako: kijiti chenye pamba, alkoli ya asilimia 70, gusa kila kidudu kimoja kimoja, bila kulowesha jani zima. Angalia pia ukingo wa chungu na matundu ya chini, vinajificha huko. Rudia kila wiki kwa mwezi mmoja, na chungu hicho kikae mbali na vingine muda wote huo.