"Haina harufu, hii ni feki": yanayosemwa kuhusu dawa zinazotoka pole pole

Mzee mmoja, mkulima wa nyanya kutoka upande wa Tororo, alifungua chupa ya dawa ya wadudu niliyompa dukani kwangu, akasogeza kizibo puani na kuvuta pumzi kabla sijamzuia. "Mwanangu," akasema, "umeuziwa maji. Hii haina harufu." Nilimwelewa. Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, ni nadra kukutana na mkulima ambaye hajawahi kuuziwa dawa feki, na pua ndiyo maabara aliyo nayo. Ila siku hiyo pua ilimdanganya.

Harufu kali tuliyoizoea ni ya zile dawa za mafuta, zenye herufi EC kwenye lebo, na mara nyingi inayonuka zaidi ni ile mafuta iliyoyeyushia dawa, siyo dawa yenyewe. Chupa ya mzee ilikuwa na herufi CS. Ndani yake dawa imefungwa katika vifuko vya plastiki vyenye upana wa mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu ni kama mikroni 70, navyo vinaelea kwenye maji. Kiwandani hukoroga matone ya mafuta yenye dawa ndani ya maji, kisha kemikali mbili zikakutana kwenye ngozi ya kila tone na kutengeneza utando, kama malai juu ya maziwa. Utando ukiwa mnene dawa hutoka taratibu, ukiwa mwembamba hutoka upesi. Kitu kilichofungwa hivyo hakinuki sana. Anayetaka kujua kama dawa ni halali atazame muhuri wa kizibo, tarehe na namba ya usajili. Pua aiache nyumbani.

Halafu chupa ya CS itikiswe vizuri kabla ya kumimina, maana vifuko hutuama chini. Asiyetikisa hunyunyizia maji mwanzoni na uji wa sumu mwishoni.

"Kama inatoka pole pole, basi ni dhaifu. Ongeza kizibo kimoja."

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Dawa ya EC huanza kwa kishindo: asubuhi umenyunyiza, jioni wadudu wako chini. Kisha jua na mvua huimaliza. Ya CS huanza kimya zaidi, lakini jua haliifikii kirahisi ikiwa ndani ya kifuko, kwa hiyo hudumu. Mkulima aliyezoea kishindo huingia shambani siku ya pili, akamwona kiwavi mmoja anatembea, akarudi na bomba la mgongoni na kizibo cha ziada. Sasa jani lina mizigo miwili ya dawa iliyotengenezwa ili isiondoke haraka, na nyanya zinakwenda sokoni wiki ijayo. Siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo zilipimwa kwa kipimo kimoja, si viwili. Kampala watu hulalamikia nyanya zenye vumbi jeupe. Lile kwa kawaida ni mankozebu, dawa ya ukungu ya unga, wala haina vifuko vyovyote, lakini mkono unaozidisha ni uleule.

Kudumu nako kuna gharama yake. Dawa inapokaribia kuisha hubaki kidogo kwenye jani, na kidogo hicho huua wadudu wanyonge na kuwaacha wenye nguvu wazaane. Kwa hiyo nikisikia mtu akisifu dawa kwa sababu "inakaa sana", mimi huuliza inakaa wapi, na kwa ajili ya nani.

"Imefungwa kwenye plastiki, haimdhuru mtu wala nyuki."

Kwa anayemimina, ni kweli kwamba mara nyingi hatari ya papo hapo hupungua. Lakini vifuko hunasa kwenye shati na kucha, vikaendelea kutoa dawa baada ya kazi kwisha. Glavu zivaliwe, na shati lile lisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Kwa nyuki jibu limejulikana kwa takriban nusu karne. Mwaka 1974 Marekani waliingiza sokoni Penncap-M, sumu ya wadudu iitwayo parathioni-methili iliyofungwa kwenye vifuko, mojawapo ya dawa za kwanza za shambani za aina hiyo. Vifuko vyake vilikuwa na ukubwa unaokaribia chavua. Nyuki wakavibeba miguuni pamoja na chavua, wakavihifadhi mzingani, na sumu ikaja kuwaua makinda baadaye. Dawa ya kawaida ingemuua nyuki mchumaji huko huko shambani. Hii ilipelekwa nyumbani. Wenzetu wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, wanaoishi kwa asali wana haki ya kuuliza jirani ananyunyizia nini wakati wa maua.

"Actellic ni Actellic, nipe iliyobaki ya ukutani nitie kwenye mahindi."

Tororo walianza kupuliziwa nyumba dhidi ya mbu mwishoni mwa 2014, na kuanzia 2016 wakatumia dawa ya wadudu iitwayo pirimifosi-methili ya CS, yaani Actellic yenye gramu 300 kwa lita. Hesabu yake ni nzuri: chupa ya mililita 833 ina gramu 250, na ukuta hupewa gramu moja kwa mita ya mraba, hivyo chupa moja inatosha mita 250 za mraba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hudumu miezi 4 hadi 6, wakati dawa hiyohiyo ikiwa EC hudumu miezi 2 hadi 3. Ukuta wa udongo hunywa mafuta ya EC kama sifongo, ila vifuko hubaki juu, mahali mbu anapotua.

Dawa ya unga ya mahindi ya ghalani ina kiini hichohicho, lakini ni asilimia 1.6 tu, ikiongezwa permethrini kidogo, dawa nyingine ya wadudu, na kipimo chake ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90. Ile ya ukutani imeundwa ing'ang'anie nusu mwaka. Haiendi kwenye posho (ugali) ya watoto, hata kama jina kwenye chupa ni moja.

Chandarua chenye dawa nacho kina hadithi yake. Watu hukataa kukifua wakisema dawa itaisha, au hukifua mara moja wakakigeuza uzio wa kuku wakiamini imeshaisha. Katika vile vya polithini dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe. Ukifua, ya juu huondoka, kisha ya ndani husogea nje taratibu. Kipimo cha kuitwa chandarua cha muda mrefu ni kuvumilia mifuo 20 na miaka 3 ya matumizi. Tumia maji baridi na sabuni ya kawaida, anika kivulini.

"Ile ya nanasi ni mbolea, inaongeza utamu."

Dawa hiyo ya nanasi, ethefoni, si mbolea. Ni kidhibiti cha ukuaji, na utaratibu wake wa kutoka ni wa kikemia: kwenye chupa yenye asidi inatulia, ikiingia kwenye mmea ambako asidi ni kidogo huvunjika na kutoa gesi ya ethilini. Ndiyo inayofanya mananasi ya Kayunga na Luwero yachanue kwa pamoja. Mchanganyiko ukilala kwenye bomba usiku kucha, hasa kwa maji yenye magadi, gesi huenda bure. Kuhusu utamu, nanasi likishakatwa halipati sukari zaidi. Ukilinyunyizia kabla ya wakati, ganda litageuka manjano na ndani litabaki chachu.

Mwisho, wapo wanaoziita dawa hizi "za kijani" kwa kuwa hunyunyiziwa mara chache. Mara chache, ndiyo. Lakini ganda la kifuko ni plastiki inayobaki udongoni, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha ya plastiki ndogo za kuondolewa, ukizipa dawa za mimea hadi Oktoba 2031. Watafiti wanajaribu maganda ya wanga, ya lignini ya miti na ya alginati ya mwani. Dukani kwangu bado hayajafika.