Rhodesia ni nini, na ilikujaje kuwa Zimbabwe?

Rhodesia ni jina la kikoloni la nchi tunayoiita leo Zimbabwe. Limetokana na Cecil Rhodes, tajiri wa almasi wa Kimberley, ambaye kampuni yake, British South Africa Company, ilipewa hati ya kifalme na Uingereza mwaka 1889. Mwaka mmoja kabla, mawakala wake walikuwa wamempata Lobengula, mfalme wa Wandebele, akaweka alama yake kwenye mkataba wa madini ambao baadaye aliukana. Septemba 1890 msafara wenye silaha ukapandisha bendera ya Uingereza mahali walipopaita Fort Salisbury. Jina Rhodesia likawa rasmi mwaka 1895, mwenye jina akiwa hai na akila faida.

Eneo la kampuni lilivuka mto Zambezi, kwa hiyo zikawa Rhodesia mbili. Ya Kusini ilitoka mikononi mwa kampuni mwaka 1923, ikawa koloni linalojiendesha chini ya walowezi. Ya Kaskazini ilipopata uhuru Oktoba 1964 na kuitwa Zambia, serikali ya walowezi mjini Salisbury ikalidondosha neno "Kusini". London haikukubali. Hivyo Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, nchi ilikuwa Rhodesia kwa walioishika na Rhodesia ya Kusini kwa sheria ya Uingereza. Tanzania, ikiona Waingereza wanamlea Smith, ilivunja nao uhusiano wa kibalozi Desemba hiyo hiyo.

Wapigania uhuru walishachagua jina lao. Herufi Z katika majina ya vyama vyao, ZAPU (1961) na ZANU (1963), ni Zimbabwe, kutokana na magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu karibu na Masvingo, mji wa Washona ambao dhahabu yake ilipitia Sofala hadi Kilwa. Walowezi wengi walishikilia kwamba magofu hayo ni kazi ya Wafoinike au wageni wengine, maana kukiri kwamba ni kazi ya Waafrika kungewaharibia hoja yao ya kuitawala nchi.

Mwisho wake ulikuwa vurugu tupu. Juni 1979 ikawa Zimbabwe Rhodesia, chini ya Askofu Abel Muzorewa, jina la kuridhisha pande mbili ambalo halikutambuliwa na taifa lolote. Desemba, Lord Soames akatua kama gavana wa Uingereza na nchi ikarudi kuwa Rhodesia ya Kusini, koloni kabisa. Tarehe 18 Aprili 1980 ikawa Zimbabwe. Salisbury ilibaki na jina lake hadi 1982, ndipo ikaitwa Harare.