Kasi ya Kukua Haitambulishi Aina ya Mfuatano

Imani kwamba mfuatano wa namba unaokua kwa kasi ni wa kijiometri (kila kipengele, yaani kila namba iliyomo, kikigawanywa kwa kilichokitangulia hutoa uwiano ule ule) na unaokua polepole ni wa kiarithmetiki (ukitoa kilichotangulia hupata tofauti ile ile) imenichosha. Naikuta katika madaftari ya wanafunzi kila muhula, naikuta kwa watu wazima waliokwisha kufaulu aljebra, na sasa nimeikuta ikifundishwa kama kanuni. Si kanuni, wala haifai hata kuwa dokezo.

Chukua 100, 101, 102.01, 103.0301. Anayetazama kasi ataona namba zinazoongezeka kwa moja na ushei, naye ataamua kwamba mfuatano huu ni wa kiarithmetiki. Gawanya kila kipengele kwa kilichokitangulia: utapata 1.01 kila mara, kwa hiyo ni wa kijiometri. Ukiulinganisha na mfuatano wa kiarithmetiki unaoanzia 100 hiyo hiyo na kuongezeka kwa 50, huu wa pili utakuwa mbele kwa mamia ya hatua, na ule wa kijiometri hautaupita mpaka kati ya hatua ya 560 na ya 570. Ni kweli kwamba mfuatano wa kijiometri wenye kipengele cha kwanza chanya na uwiano unaozidi 1 lazima mwishowe uupite mfuatano wowote wa kiarithmetiki, na nadhani imani hii ilichipuka hapo. Lakini huo mwisho hauonekani katika vipengele vinne vilivyoandikwa ubaoni.

Isitoshe, 64, 32, 16, 8 haukui kabisa, na 3, -6, 12, -24 hupanda na kushuka, ilhali yote miwili ni ya kijiometri.

Kinachoniudhi zaidi ni 1, 4, 9, 16, 25. Kwa kuwa mapengo yake yanapanuka, wanafunzi huuita wa kijiometri bila kugawanya chochote. Tofauti zake ni 3, 5, 7, 9, hivyo si wa kiarithmetiki. Uwiano wake huanza na 4, kisha 2.25, na huendelea kupungua kuelekea 1, hivyo si wa kijiometri pia. Mifuatano isiyo ya aina yoyote kati ya hizi mbili ni mingi mno, na swali linalomtaka mwanafunzi achague mojawapo tu humfundisha kwamba mifuatano hiyo haipo.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Toa, kisha gawanya. Kwa vipengele vitatu vinavyofuatana a, b, c, visivyo sifuri, usawa wa 2b na a + c huonyesha tofauti isiyobadilika, na usawa wa b² na ac huonyesha uwiano usiobadilika. Vipengele viwili havitoshi: baada ya 2, 4 yaweza kuja 6, yaweza kuja 8.

Hata hivyo, vipengele vitano navyo havithibitishi lolote kuhusu cha sita. Weka nukta kwenye duara, unganisha kila jozi kwa mstari mnyoofu, kisha hesabu idadi kubwa kabisa ya sehemu zinazoweza kupatikana ndani yake: kwa nukta moja hadi tano utapata 1, 2, 4, 8, 16, na kwa nukta sita utapata 31. Aina ya mfuatano huamuliwa na kanuni inayouzalisha, na pale ambapo kanuni haikutolewa, jibu la haki husema tu kwamba vipengele vilivyoonyeshwa vina uwiano mmoja.

Mfuatano 5, 5, 5 ni wa aina zote mbili, kwa tofauti ya 0 na uwiano wa 1, na hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni 0, 0, 0. Ni wa kiarithmetiki bila ubishi. Lakini ukiufafanua wa kijiometri kwa kuzidisha, unakubalika kwa uwiano wowote utakao, na ukiufafanua kwa kugawanya, unakataliwa papo hapo. Mimi hufundisha ufafanuzi wa kugawanya kwa sababu hulinda upekee wa uwiano, ingawa mwanafunzi anayetetea ule wa kuzidisha bado sijapata hoja ya kumshinda.